Mizani ya Mwili: Uhakiki wa Kitabu cha Caster Semenya

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa mfanyabiashara ni chombo cha kupimia karafuu na mbata. Kwa malenga ni hesabu ya silabi katika mshororo. Kazi zote mbili zina sharti moja: kipimo kijulikane kabla ya kupima, na mwenye kupimiwa awe na haki ya kukitazama. Kitabu cha Caster Semenya, The Race to Be Myself, kilichotoka mwaka 2023, ni ushahidi wa mtu aliyewekwa juu ya mizani bila ya kuelezwa, kisha kipimo kikabadilishwa kila alipokikaribia.

Semenya alizaliwa mwaka 1991 katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini. Sura za utoto wake, za kandanda na wavulana na maisha ya kijijini, ndizo zenye utulivu mkubwa zaidi kitabuni. Watu wa kwao walimwona yu tofauti na wasichana wengine, lakini hawakumwita kitu kingine. Utulivu huo una kazi, kwani pasipo huo msomaji asingepata kadiri ya kile kilichovunjwa baadaye.

Kilichovunjwa kilivunjwa mjini Berlin, tarehe 19 Agosti 2009. Akiwa na umri wa miaka 18, Semenya alishinda mbio za mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 55.45. Saa chache kabla ya fainali, shirikisho la kimataifa la riadha lilikuwa limekwishathibitisha mbele ya waandishi wa habari kwamba jinsi yake inachunguzwa. Kabla ya safari alikuwa amepimwa Pretoria, naye anaeleza kwamba alidhani ni vile vipimo vya kawaida vya dawa za kuongeza nguvu. Mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake alikana kuwa vipimo hivyo vilifanyika. Mwezi uliofuata akakiri kwamba alisema uongo. Hivyo dunia ilizijua siri za mwili wa binti huyo karibu sawa na alivyozijua mwenyewe, au hata kumtangulia. Hapa kitabu hakina haja ya mapambo, na kwa sifa yake hakiyatafuti.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida humtaja mtu wa tatu kwa kumpanga upande wa wanaume au wa wanawake. Lugha ya mama ya Semenya, Kisotho cha Kaskazini, ni ndugu wa Kiswahili. Ndani yake, kama ndani ya Kiswahili, aliyekimbia alikimbia na aliyeshinda alishinda; kiambishi hakimuulizi ana nini mwilini. Mfasiri wa Kiswahili atakayekishika kitabu hiki ataona kwamba ugomvi uliojaza magazeti ya Ulaya mwaka 2009, wa kiwakilishi gani kimfae mkimbiaji huyu, kwake haupo kabisa.

Lakini mfasiri huyo asijisifu mapema. Kiswahili nacho kina ncha zake. Mkono wa nguvu ni wa kuume, na wa udhaifu ni wa kike. Mwanamke mwenye sauti nzito na mabega mapana huitwa jikedume, neno lililoazimwa zizini. Liko pia neno khuntha, walilolirithi watu wa pwani kutoka vitabu vya fikihi. Wanazuoni wa kale walimwekea khuntha mushkili mlango wake katika mirathi: kwa madhehebu ya Shafi, kila mrithi hupewa kilicho cha yakini, na kilichobaki husimamishwa mpaka hali ibainike. Mafakihi hao, kwa yote yanayoweza kusemwa juu yao, waliona kwamba shaka ni hali ya kweli inayostahiki hukumu yake. Hata hivyo, mfasiri hatakuwa amefasiri sawasawa akilichukua neno hilo akalibandika juu ya Semenya. Yeye mwenyewe amelikataa jina la Kiingereza linalolingana nalo. Anasema kuwa ni mwanamke, na kwamba tofauti za mwili wake hazimtoi katika uanamke. Mfasiri mwaminifu hana budi kuliacha kataa hilo lisimame.

Mizani ya riadha haikuanza na Semenya. Mwaka 1966, katika mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wa kike walitakiwa wapite uchi mbele ya jopo la madaktari. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, jicho la daktari likaachiwa nafasi darubini ya kutazama kromosomu. Mwaka 1985, mjini Kobe, Mhispania María José Martínez-Patiño alishindwa kipimo hicho kwa sababu ya kromosomu Y, ilhali mwili wake hauwezi kuitikia homoni za kiume hata kidogo. Alinyang'anywa mataji, akarejeshwa mwaka 1988. Katika Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, kati ya wanawake 3,387 waliopimwa, wanane walionekana wana kasoro kwa kipimo hicho, na wote wanane waliruhusiwa kushindana. Kipimo kinachoshika watu wanane na kuwaachia wote wanane ni mizani iliyolegea. Kwa hiyo mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakiweka kando.

Baada ya Berlin ikaja mizani ya homoni ya testosteroni. Mwaka 2011 mpaka uliwekwa kwenye nanomoli 10 kwa lita moja ya damu. Mwaka 2018 ukashushwa hadi 5, kwa mbio za mita 400 mpaka maili moja tu. Mwaka 2023 ukashushwa hadi 2.5, kwa michezo yote ya riadha. Kurasa za Semenya kuhusu dawa alizomeza ili aruhusiwe kukimbia, homa zake, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, ndizo zenye uzito mkubwa kuliko zote.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wao wa karibu. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alitoa kanuni za kupimia kitu kilichotungwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi ulizuka juu ya nini kiitwe shairi na nini kisiitwe. Ulikuwa ugomvi mkali, lakini hakuna aliyemwambia mtunzi ameze vidonge. Shairi lililopungua mizani hurudishwa kwa mtunzi akaongeza silabi. Kanuni ya mwaka 2018 iliutendea mwili kama mswada: punguza hapa, kisha uje tena. Lakini mwenye mwili huo si mtunzi wake.

Majirani wa Waswahili wamo ndani ya kisa hiki. Katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 Semenya alifuatwa na Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni ya mwaka 2018 iliwagusa wote watatu. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb, kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Kanuni ya mwaka 2023 ikamfuata huko alikohamia. Annet Negesa wa Uganda, aliyeondolewa katika Olimpiki ya mwaka 2012, amesimulia hadharani kwamba alipasuliwa bila ya kuelezwa ipasavyo. Shirikisho limekana kuhusika. Semenya ana kitabu. Hawa hawana, na msomaji akumbuke kwamba anasoma kisa cha yule aliyepata kalamu.

Yapo ambayo kitabu hakiyatoshelezi. Daraja la wanawake katika riadha lipo kwa sababu: wakimbiaji bora wa kiume huwapita wa kike kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 12, na testosteroni ya wakati wa kubaleghe ina sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Melissa Bishop wa Kanada alikimbia Rio kwa dakika 1 na sekunde 57.02, akawa wa nne. Hakufanya kosa lolote, naye pia ana mwili mmoja na miaka michache ya kukimbia. Tawasifu haiwezi kumpa sauti yake mwenyewe, wala hailazimiki. Lakini mwandishi anaposhikilia kwamba kipaji ni kipaji, na kwamba mwili wake ni sawa na urefu wa mcheza mpira wa kikapu, anaruka swali gumu: hakuna daraja la wafupi, na daraja la wanawake lipo. Hapo hoja yake inapungua mizani.

Upande wa pili haukupungua kidogo. Utafiti wa mwaka 2017 wa wataalamu wa shirikisho lenyewe, uliotegemewa sana, ulionyesha uhusiano wa homoni na ushindi hata katika kurusha nyundo na kuruka kwa upondo, lakini kanuni ya mwaka 2018 iliiacha michezo hiyo. Mwaka 2021 waandishi wake walichapisha masahihisho wakikiri kwamba utafiti ule haukuthibitisha kuwa homoni ndiyo sababu. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikuwa imekwishasema, kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja, kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi lakini ni ya lazima. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mahakama kuu ya Uswisi haikumsikiliza Semenya kwa haki. Juu ya ubaguzi wenyewe haikutoa hukumu. Amepata haki ya kusikilizwa, miaka 16 baada ya Berlin.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana katika mashindano ya dunia ya riadha anatakiwa apimwe mara moja jeni ya SRY, kwa mate ya shavuni au kwa damu. Andrew Sinclair, aliyekuwa miongoni mwa walioigundua jeni hiyo mwaka 1990, ameandika kupinga matumizi hayo. Mizani imerudi palepale ilipotoka mwaka 1968, ila chombo ni kipya.

Kwa hiyo kitabu hiki kinastahiki kufasiriwa kwa Kiswahili, pamoja na upungufu wake, na si kwa ajili ya wapenzi wa riadha peke yao. Yuko msichana wa Burundi, wa Uganda au wa bonde la ufa la Kenya atakayeitwa pembeni na mwalimu wake, na majibu yakiwa mkononi. Mwalimu atalazimika kusema naye, na huenda akasema kwa Kiswahili. Ndipo itakapojulikana kama lugha hii imemwandalia neno la kumwambia, au imemwekea lile la zizini tu.