Majani Yanayong'olewa kwa Hesabu

Inapokaribia siku ya 15 ya mwezi wa 12 kwa kalenda ya mwezi mwandamo, wenye bustani wa kusini na kati ya Vietnam huanza kuivua miti yao majani ili ichanue kwa wakati. Kazi hufanywa kwa vidole. Jani hushikwa kwenye kikonyo na kuchumwa peke yake, taratibu, ili tumba lililojibanza kwapani mwake lisiumie. Mti wenye matawi mengi waweza kumlia mtu siku nzima, na jioni husimama uani fito tupu. Huo ni mai vàng, mti wa maua ya manjano, na familia nyingi za kusini huona mwaka mpya, yaani Tết, haujafika nyumbani mpaka ua hilo lichanue.

Siku ya kuchuma haifuati kalenda peke yake. Mkulima hutazama matumba kwanza: yakiwa manono, atangoja; yakiwa membamba, atawahi. Baridi ikishuka, huwahi zaidi, maana baridi huchelewesha ua. Siku ya 23 ya mwezi huo, mungu wa jikoni anapoagwa kwenda mbinguni, wakulima huinamia matawi kukagua. Ganda la nje la tumba likiwa limepasuka, maua yatafunguka siku ya kwanza ya mwaka. Sijui ufundi mwingine ambao mtihani wake huja mara moja kwa mwaka, mbele ya kila mgeni anayeingia mlangoni.

Katika eneo la Nhơn An, lililokuwa katika mkoa wa Bình Định hadi 2025, vijiji vizima huishi kwa kulea mai vàng vyunguni. Huko kaskazini, kwenye baridi, Tết ni ya mipichi na michungwa midogo ya kumkwati, na mafundi wa Vị Khê, iliyokuwa katika mkoa wa Nam Định hadi 2025, hujulikana kwa kuunda umbo la sanh, mti wa jamii ya mikuyu. Wenyeji huhesabu kazi yao kuanzia karne ya 13.

Hapo kwenye sanh ndipo subira inapoonekana kwa macho. Tawi huachwa likue litakavyo, hata likiharibu sura ya mti, mpaka unene wake ukaribie wa sehemu lilikotoka. Ndipo hukatwa. Chipukizi jipya hutoka karibu na jeraha, nalo huachwa vilevile. Kila kipande cha tawi ni miaka kadhaa ya kungoja, na kwa njia hiyo tawi hupungua unene kuelekea nchani, likikunja viwiko kama vya mti uliopigwa na dhoruba nyingi. Waya husaidia kuinamisha, ila hauwezi kunenepesha. Ndiyo maana mti mwema huanzwa na baba na kumaliziwa na mwana.

Wengi hudhani shabaha ya ufundi huu wa miti ya vyunguni ni udogo. Mimi naona shabaha ni uzee. Miti mingi ya sanh inayosifiwa Vietnam haiinuliwi na mtu mmoja, na bado ukiitazama unaona mkuyu wa karne nyingi uliosogezwa karibu na jicho. Katika hòn non bộ, milima ya mawe inayojengwa ndani ya beseni la maji, mche wa urefu wa kiganja hushika jabali kwa mizizi yake na kulifanya lionekane mlima mzima.

Miti ya jenasi ya Ochna, ndugu wa mai vàng, huota pia kwenye misitu na vichaka vya Afrika Mashariki, na mikuyu tunayo tele. Kwa hiyo anayetaka kuanza nyumbani asitafute mbegu ya mbali. Tafuta mche wa jamii ya mkuyu, chungu chenye matundu, udongo usiotuamisha maji. Uweke nje penye jua, maana sebuleni utadhoofika. Mwagilia maji pale uso wa udongo unapoanza kukauka. Kisha chagua tawi moja, uliache linenepe, na usilikate kabla halijafikia unene unaoutaka.