Ekari 400 za Akina Logan

Wengi katika kundi letu la kusoma walimkasirikia Little Man. Mtoto wa miaka sita anapewa kitabu cha shule, anakitupa chini na kukikanyaga! Ati nani huku angethubutu?

Riwaya ni Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, ya mwaka 1976. Hadithi yenyewe inaanza 1933 kule Mississippi, Marekani: uchumi umeanguka, bei ya pamba imeshuka, baba yuko mbali Louisiana akitafuta hela kwenye reli. Ndani ya jalada la kitabu kuna orodha. Wanafunzi weupe 11 wameshakitumia, hali yake ikishuka toka kipya hadi kibovu kabisa. Hapo ndipo kinaandikiwa mtoto mweusi, kwa jina la dharau. Little Man anajua kusoma, ndiyo shida. Anachapwa, pamoja na dada yake Cassie, msimulizi wetu. Mama yao, naye mwalimu, anaifunika orodha ile kwa karatasi na gundi.

Kitabu kikuukuu si tusi. Vya kwetu huja na mihuri ya shule za mbali na hakuna anayejali, maana muhuri hausemi wewe ni nani. Orodha ile ilisema. Wenzetu wa mashirika, mnaoandika majina yetu kila siku, sura hii ya kwanza isomeni mara mbili.

Ila kuna jambo linanikera. Akina Logan wana ekari 400 zao wenyewe, ingawa za deni na kodi. Ndiyo maana wanaweza kugomea duka la akina Wallace. Majirani wanaolima shamba la Granger wanajaribu, kisha wengi wanarudi, kwa sababu bwana shamba anadai sehemu kubwa zaidi ya pamba yao. Mwandishi halifichi hilo, na hapo namsifu. Lakini T.J., mtoto wa nyumba isiyo na ardhi, tunamwona kwa macho ya Cassie tu: mwongo, mwizi wa mitihani, kijana anayetamani bastola ya dukani mpaka vijana wawili weupe wanamtumia kuiba, na yeye ndiye anayeshikwa.

Ningependa T.J. apewe hata sura moja asimulie mwenyewe. Vijana wetu walimcheka kurasa zote, lakini tulipofika kwenye wizi, kicheko kiliisha. Wanamjua.