Picha ya Kuingia Begini

Anayetafuta zawadi ya mwisho wa mwaka Dar es Salaam huwa na masharti matatu, hata asipoyatamka: iwe kazi ya mkono, isimalize mshahara, na iingie begini. Pale Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, wachoraji wa Chama cha Ushirika cha Sanaa za Tingatinga wameyajibu masharti hayo kwa miaka mingi, na wachambuzi wengi wameyahesabu majibu hayo kuwa dosari. Hiyo ni sanaa ya watalii, husema, biashara imeiharibu. Nadhani wamekosea mwanzo wa habari. Masharti ya zawadi hayakuivamia Tingatinga ikiwa imeshakomaa. Yalikuwapo tangu picha za kwanza, na ndiyo yaliyoamua ukubwa wa picha, aina ya rangi, na hata sababu ya chui kusimama peke yake katikati ya rangi moja. Ili kuliona hilo inabidi tuache kwa muda kuitazama picha, tuvitazame vifaa.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora picha za kuuza mwaka 1968. Vifaa vyake vilitoka kwenye maduka ya mafundi: hadibodi, ile ya kupigia dari, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya makopo inayopakwa baiskeli. Picha zake nyingi ni miraba ya takribani sentimita 60 kila upande, yaani futi 2 kwa 2. Sasa chukua hadibodi nzima, futi 4 kwa 8, uikate. Inatoa miraba 8 kamili na hakuna kipande kinachotupwa. Fundi seremala angeligundua hilo kabla ya mwanahistoria wa sanaa. Mraba wa namna hiyo unabebeka kwapani, unatundikika ukutani bila fremu ya gharama, na bei yake inajulikana kabla brashi haijaguswa, kwa sababu gharama ya ubao ni moja ya nane ya hadibodi.

Mraba nao una amri zake. Picha pana humwalika mchoraji aweke upeo wa macho, milima kwa mbali, mto, kundi la wanyama. Mraba hauna kushoto ndefu wala kulia ndefu. Humtaka mnyama mmoja aujaze. Ndiyo maana katika kazi za Tingatinga mwenyewe mkia hupinda kuelekea pembe iliyo wazi, shingo hugeuka kurudi ndani, na miguu husambaa hadi karibu na ukingo. Huo ni ustadi mkubwa wa kupanga umbo, na ulizaliwa ndani ya hesabu ya msumeno.

Rangi ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi, na ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha. Rangi ya mafuta ya kung'aa ilitengenezwa ili ifunike chuma au mbao, ijilaze yenyewe ikawa tambarare, na ikauke ngumu. Ikishapakwa, alama za brashi hupotea. Mchoraji anayetumia rangi za wasanii anaweza kurudi kwenye rangi mbichi, akaivuta, akaichanganya palepale na nyingine mpaka kivuli kikatokea taratibu. Ukijaribu hivyo kwa rangi ya kopo unapata tope, rangi mbili zikikimbiliana na kupoteza mng'ao. Kwa hiyo kila rangi husubiri iliyo chini yake ikauke. Mwili wa mnyama hupakwa rangi moja iliyolala, ukakauka. Ndipo yakaja madoa, mistari, vidoti, na mwisho mstari wa pembeni unaolikata umbo litoke wazi. Mapambo yale yaliyoifanya Tingatinga itambulike kwa mbali, vidoti juu ya vidoti, ni njia ya kuutia mwili uhai katika rangi isiyokubali kivuli.

Kuna mahali pamoja tu ambapo rangi mbichi huruhusiwa kukutana, nako ni nyuma ya mnyama. Anga linalotoka kwenye weupe hadi buluu, au jua la machungwa linaloyeyukia kwenye wekundu, hupatikana kwa kugongagonga rangi mbili zikiwa bado mbichi kwa kipande cha sponji, hadi mpaka kati yake ufutike. Kazi hiyo inataka haraka na mkono mwepesi. Mtazame mchoraji mzoefu anapoifanya: hapigi mara mbili mahali pamoja. Baada ya hapo ubao huwekwa kando.

Na hapo, katika kuusubiri ubao ukauke, ndipo ulipo mzizi wa lawama kubwa kuliko zote, kwamba picha za Tingatinga zinafanana. Mchoraji hawezi kukaa akiikodolea macho picha moja ikauke. Huwa na kadhaa mbele yake, na kopo la njano likishafunguliwa, likapunguzwa uzito kwa tapentaini, ni busara kuwapaka twiga wote siku hiyo kabla utando haujafunga juu ya rangi. Kufanyia kazi picha nyingi kwa wakati mmoja ni matokeo ya kemia ya rangi kabla hayajawa matokeo ya soko. Soko lilikuta mazoea hayo yapo, likayatumia. Tofauti kati ya mchoraji na mnakili huonekana kwenye tabaka la mwisho: yule wa kwanza hurudi kwa kila picha akiwa na jicho jipya, huyu mwingine hupitisha mstari uleule.

Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, baada ya kudhaniwa kuwa mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikaanzishwa. Kati ya miaka hiyo na leo, badiliko kubwa la kiufundi lilikuwa kuhama kutoka hadibodi kwenda kwenye kitambaa cha pamba.

Sababu yake ni begi. Hadibodi ni nzito, huvunjika pembe, na abiria wa ndege hana pa kuiweka. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao, hupakwa rangi ya chini ili uzi usinywe rangi, huchorwa, kisha huwambuliwa na kukunjwa mviringo. Fremu inabaki kazini ikisubiri kitambaa kingine. Kwa mnunuzi wa zawadi hili ni jambo jema mno. Kwa rangi ni hatari, na wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi. Rangi ya kung'aa ikishakauka kabisa haipendi kupindwa. Ikiviringishwa kwa ndani, tabaka lake hubanwa, na siku ya kufunguliwa hupasuka nyufa nyembamba. Iviringishwe upande wa picha ukiwa nje, juu ya bomba pana, na karatasi safi katikati. Nimeona picha nzuri zikitolewa kwenye vibomba vyembamba zikiwa na michirizi isiyofutika, na aliyepewa zawadi akadhani ndivyo zilivyochorwa.

Halafu kuna mvua za vuli. Maandalizi ya mauzo ya Desemba huangukia wakati ambapo hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, na rangi ya namna hii hukauka kwa hatua mbili: kwanza kile kiyeyusho kinaruka, kisha mafuta yenyewe yanashikana polepole na hewa. Hatua ya kwanza huchukua saa chache. Ya pili huendelea kwa siku nyingi, na unyevu huichelewesha. Picha inayoonekana kavu kwa kidole inaweza kuwa bado laini ndani. Ikiviringishwa hivyo hunata kwenye mgongo wake, na unyevu ukitua juu ya rangi mbichi huua mng'ao ukaacha ukungu mweupe. Mchoraji makini hukamilisha picha za zawadi mapema, akabakiza wiki za mwisho kwa kazi za kuuzwa zikiwa bado kwenye fremu.

Sahani za bati, sinia, vigae na vibeba funguo vilivyokuja baadaye nitavipitia haraka. Rangi ya kopo inashika chuma kuliko inavyoshika kitambaa, kwa hiyo kiufundi sinia la Tingatinga ni kitu imara. Mnunuzi tu aelezwe kwamba ni la kutundika, si la kupakulia chakula. Tatizo langu ni la umbo. Mnyama aliyezaliwa ndani ya mraba akipelekwa kwenye duara bila kuchorwa upya, miguu huelea na mkia hukatika. Wanaoweza hili humzungusha mnyama afuate ukingo; samaki na ndege hukubali zaidi kuliko tembo. Ukitaka kumjua mchoraji mahiri kati ya bidhaa ndogo, tafuta sahani ambayo mnyama wake asingeweza kukaa kwenye mraba.

Bei nayo hufuata vipimo. Ndogo ni nafuu, kubwa ni ghali, hata kama ile ndogo ina kazi ya siku nyingi zaidi. Utaratibu huo ni rahisi kwa mauzo lakini unamuumiza mwenye mkono wa subira. Marehemu David Mzuguno alijaza picha zake majani, ndege na maua yaliyopishana mpaka jicho likakosa pa kutua. Kazi ya tabaka nyingi namna ile, hata ikiwa ndogo, haipaswi kulipwa kwa rula. Ningependa kuona bei ikizingatia idadi ya tabaka, na mnunuzi akaelezwa kwa nini. Watu huelewa haraka wakioneshwa picha mbili za kipimo kimoja, moja ya tabaka tatu, nyingine ya tabaka kumi.

Linabaki suala la kuzitundika. Katika msimu wa zawadi picha ndogo hubanwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini. Wingi huo una furaha yake, na unamwambia mgeni kwamba anaweza kumudu. Ila kila picha inachukua nguvu kwenye rangi yake ya nyuma, na picha yenye usuli mwekundu ikipakana na ya buluu na ya njano pasipo nafasi, zote tatu hupoteza kile kimya kilichomzunguka mnyama. Nafasi ya upana wa kiganja kati ya picha na picha ingetosha. Zipangwe kwa wachoraji badala ya vipimo, jina likiwa limeandikwa ukutani, na juu ya kila kundi la picha ndogo itundikwe kazi moja kubwa ya mchoraji huyohuyo. Pale ambapo zingekuwapo za marehemu Mohamed Charinda, aliyesimulia vijiji, waganga na historia ndani ya fremu moja, mgeni aliyekuja kununua picha ya kuingia begini angesimama, akainua macho, na kuuliza bei ya ile ya juu.