Uledi Alishasema Haipitiki

Maji ya Massassa hayakukosea. Kosa lilifanyika juu ya poromoko, tarehe 3 Juni 1877, mtumbwi ukiwa bado salama kando ya mto. Frank Pocock alimtuma nahodha wake akatazame njia, nahodha akarudi na jibu, Pocock akalikataa jibu hilo. Watu kumi na mmoja waliingia majini. Watatu hawakutoka, na Pocock alikuwa mmoja wao.

Msimu wa kambi ukikaribia, viongozi wa skauti wanaoandaa safari za mitumbwi hupenda kuwasimulia vijana safari ya mvumbuzi Stanley ya kushuka mto Kongo. Wanafanya vizuri, maana hakuna shule kubwa zaidi ya kupiga makafi, kubeba mitumbwi nchi kavu na kupiga kambi porini. Wanapofika Massassa, lakini, sauti hubadilika. Pocock, kijana wa Kiingereza katika msafara huo, miguu imejaa vidonda, anakataa kuachwa nyuma na anajitosa. Simulizi inakuwa ya ushujaa. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi mbovu kuliko wote katika mto mzima, na kuusifu mbele ya watoto ni kuwafundisha namna ya kuzama.

Kazi nyingine ya msafara ule niitendee haki. Maporomoko saba ya Boyoma yalipitwa Januari 1877 kwa kufyeka njia msituni na kuburuta mitumbwi, usiku kwa mienge, huku msafara ukishambuliwa. Pale Inkisi mitumbwi ilipandishwa mlimani na kuteremshwa upande wa pili. Ilipopungua, kule Nzabi walikata miti wakachonga mingine. Yote hayo ni kazi safi.

Turudi Massassa. Msafara ulikuwa unahama kutoka Mowa kwenda Zinga, mwendo mfupi tu kwa mtu mzima wa miguu. Stanley alikuwa ametangulia Zinga kwa nchi kavu. Pocock hakuweza kutembea kwa sababu ya vidonda, kwa hiyo akaingia kwenye mtumbwi ulioitwa Jason, na Uledi, nahodha wa mashua ya Lady Alice, ndiye aliyeshika uongozi wa chombo. Walipofika juu ya poromoko wakasogea ukingoni. Uledi akateremka, akaenda kutazama, akarudi akasema haipitiki.

Hapo uamuzi ulikuwa umeshakamilika. Kwenye poromoko kuna njia tatu: kulipita ukiwa ndani ya mtumbwi, kuuteremsha mtumbwi mtupu kwa kamba ukingoni, au kuubeba. Mtazamaji akishaifuta ya kwanza, zinabaki mbili. Hakuna kikao cha rufaa. Pocock alikifungua kikao hicho akiwa ameketi mtumbwini. Kwa simulizi aliyoiandika Stanley, alitazama mbele kutoka pale alipokaa, akaona maji hayatishi kama alivyoambiwa.

Kila aliyewahi kukaa omo anajua kwa nini jicho hilo halifai. Mtu aliyeketi juu ya poromoko macho yake yako karibu usawa wa maji. Haoni mteremko. Anaona mstari mmoja ulionyooka pale mto unapokatika, na nyuma ya mstari huo haoni kitu. Kishindo nacho hutupwa mbele, chini ya genge, kwa hiyo anayesikiliza akiwa juu husikia nusu yake. Mbaya zaidi, katikati ya mkondo mara nyingi kuna ulimi wa maji laini unaovutia, na ulimi huo ndio unaokupeleka moja kwa moja kwenye shimo. Mto wenyewe ni Kongo, unaopitisha kwa wastani zaidi ya mita za ujazo 40,000 kwa sekunde, uliobanwa kwenye korongo ambalo sehemu zake zina kina cha zaidi ya mita 200. Maji mengi namna hiyo yakikosa nafasi ya kwenda pembeni huzunguka na kufyonza. Mawe yaliyo juu huonekana, lakini mzunguko unaofunguka na kufumba huwezi kuuona ukiwa umekaa. Unaonekana kutoka juu ya mwamba, na aliyepanda mwamba siku ile ni Uledi.

Hoja ilipomwishia, Pocock alitumia silaha ambayo naichukia kuliko zote katika safari za majini. Aliwaambia mabaharia wake kwamba wanaogopa. Hakuwaonyesha njia nyingine, wala hakwenda yeye, au kubebwa, hadi mahali pa kuonea. Uledi akageuka kwa wenzake akawaambia Bwana Mdogo, yaani Pocock, anawadhania waoga wa kifo. Kifo kipo pale, lakini wamwonyeshe kwamba hawakihofu kuliko yeye. Wenzake wakajibu kwamba ajali ya mtu iko kwa Mungu. Wakashika makafi.

Wapo wanaouliza kwa nini Uledi hakukataa. Wasome kurasa za nyuma kidogo katika simulizi hiyo ya Stanley. Muda mfupi kabla ya hapo, kule Mowa, Uledi alikuwa amekutwa na shanga za msafara, akahukumiwa mbele ya watu wote, na watu wakasema achapwe. Ndugu yake Shumari na binamu yake Saywa walijitokeza kuipokea adhabu badala yake, na Stanley akamsamehe. Mtu aliyetoka kusamehewa hadharani, mbele ya bwana anayemwambia kwamba anaogopa, ana nafasi gani ya kusema hapana mara ya pili? Uledi alisema hapana mara moja, kwa ufasaha, baada ya kutazama. Hiyo ilitosha. Deni la kuisikia hapana hiyo lilikuwa la Pocock.

Mtumbwi ulipoachia ukingo, walijaribu kuuweka pembeni, mkondo ukauvuta kati. Ukaenda juu ya poromoko, ukaingia kwenye maji yanayozunguka, ukamezwa pamoja na watu walioung'ang'ania. Ulipoibuka ulikuwa na watu wanane. Pocock alionekana kidogo, amepoteza fahamu, na Uledi akamwendea kwa kuogelea. Maji yakawachukua wote wawili. Uledi peke yake ndiye aliyetoka. Yule aliyeambiwa anaogopa ndiye aliyerudi kumtafuta aliyemwambia hivyo. Simulizi nyingi humlilia mmoja tu kati ya watatu waliopotea, na hilo nalo ni deni.

Pocock hakuwa mgeni wa maji, na hapo pana somo la ufundi linalorukwa. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa mto Medway, huko Kent, mwogeleaji hodari, na miaka miwili na nusu ya safari alifanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini Medway ya nyumbani kwao hujaa na kupwa. Ukikosea, unasubiri maji yageuke. Ujuzi wa mto wa namna hiyo humpa mtu ujasiri wote wa mabaharia bila kumpa macho ya maporomoko. Nimewaona wavuvi hodari wa bahari wakishika kafi kwenye mto wa mawe wakidhani wameshajua. Hawa ndio wa kuchungwa zaidi, maana asiyejua kitu huuliza na kulishika jibu.

Mlinganishe na Uledi kabla ya Massassa. Tarehe 12 Aprili, Lady Alice ikiteremshwa kwa kamba, kamba zilishindwa na mashua ikachukuliwa na mkondo, Stanley na mabaharia wakiwa ndani. Walitoka salama, Uledi akiwa kwenye usukani. Nyuma zaidi, Januari, kule Boyoma, mtu wa msafara aliyeitwa Zaidi alikwama kwenye jiwe katikati ya mto, juu kabisa ya ukingo wa poromoko. Uledi na mwenzake Marzouk wakajitolea kumfuata. Mtumbwi ulifungwa kamba na henzirani, watu wakashika nchani ukingoni. Kamba zilikatika, wakaponea kisiwani, wakalala hapo na Zaidi, na asubuhi wote watatu wakavutwa hadi nchi kavu.

Huo ndio ujasiri ninaoutaka katika mtumbwi. Hatari ya Boyoma haikuwa ndogo kuliko ya Massassa. Lakini pale walikuwa na mtu wa kuokoa, kamba, na watu waliopangwa ukingoni, na walioingia ndio waliojitolea baada ya kuyasoma maji. Massassa hapakuwa na wa kuokolewa isipokuwa wao wenyewe, na walioingia walisukumwa na tusi. Watu walikuwa wale wale na mto ule ule. Tofauti ilikuwa nani ameshika uamuzi.

Na Stanley? Lawama yake haijapata kuandikwa inavyostahili. Alikuwa Zinga, chini ya poromoko, na darubini mkononi, na kwa darubini hiyo aliuona mtumbwi uliopinduka ukielea na watu juu yake. Kiongozi aliyesimama chini ya poromoko anaweza kuona maafa, hawezi kuyazuia. Mwenye neno la mwisho husimama juu, mahali mtumbwi unapofungwa, hadi chombo cha mwisho kiwe kimebebwa au kimeteremka. Hakuna kisingizio kwamba alikuwa hajafunzwa. Tarehe 29 Machi, mtumbwi wa Crocodile uliacha ukingo wa kulia aliouamuru, ukashika katikati, ukaenda na Kalulu, kijana mtumishi wa Stanley, na wenzake juu ya poromoko ambalo Stanley alilipa jina la kijana huyo. Baada ya siku ile, mtu asiyejua maporomoko hakupaswa kuachiwa mtumbwi pamoja na mamlaka ya kumpinga Uledi. Amri ilikuwa rahisi: Uledi akisema haipitiki, hata Bwana Mdogo atashuka.

Nimekwisha kusema katika safu hii kwamba miguu ni sehemu ya chombo, na wasomaji wengine wamechoka kunisikia. Massassa inanipa haki. Pocock alifika hapo bila viatu vya maana, vidonda vikamla, na mtu asiyeweza kutembea kwenye safari ya kubeba mitumbwi huanza kuyapenda maji kwa sababu zisizohusu maji. Anatafuta njia itakayomwepusha na njia ya mguu. Hata hivyo hakukosa wa kumbeba. Mtumbwini mlikuwa na watu kumi wenye nguvu, katika msafara ambao machela ilikuwa kitu cha kila siku. Kumbeba mtu mmoja mwendo mfupi hakumalizi nguvu za watu waliopandisha mitumbwi mlimani Inkisi. Aibu ya kubebwa huisha mkifika kambini.

Msimamo wangu mwingine wa zamani nao nausimamia: baada ya ziwa ambalo leo linaitwa Malebo, mitumbwi ilipaswa kuachwa mapema. Kutoka hapo hadi Matadi mto huanguka zaidi ya mita 260. Stanley aliyaanza maporomoko hayo katikati ya Machi na akafika Boma tarehe 9 Agosti, karibu miezi mitano. Mwaka 1890 Joseph Conrad alitembea kutoka Matadi hadi karibu na Kinshasa kwa kama wiki tano, na ndani ya hizo alipumzika Manyanga zaidi ya wiki mbili. Najua njia ya misafara ilikuwa imeshakanyagwa sana kufikia wakati wake. Najua pia watu wa Stanley walikuwa na njaa, na kila soko la kijiji lilikuwa juu ya ukingo. Mwisho wa Julai, pale Isangila, mahali ambapo Kapteni Tuckey alikuwa amefika akitokea baharini mwaka 1816, hatimaye waliiacha Lady Alice juu ya miamba na kushika njia ya nchi kavu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ulikuja Pocock, Kalulu na wengine wengi wakiwa wameshapotea.

Kwa hiyo kiongozi wa skauti anayepeleka vijana kwenye mto wenye maporomoko na asimulie Massassa, ila asimulie yote. Kabla ya kuondoka, amtaje mbele ya kila mtu yule atakayeyasoma maji, na aandike kwenye mpango kwamba neno lake la hapana halijadiliwi na mtu yeyote, mwenye cheo au mwenye umri. Neno lake la ndiyo linaweza kujadiliwa, na kijana yeyote mwenye shaka aruhusiwe kuteremka na kupita ukingoni bila kuulizwa sababu. Mwenye miguu mibovu abebwe, au abaki nyumbani. Na yeyote atakayemwambia mwenzake kwamba anaogopa, mitumbwi ikiwa juu ya poromoko, anyang'anywe kafi siku hiyo, na safari iliyobaki akabebe mizigo.