Wapimaji wa Programu na Kilo za Mkulima wa Mandawa
Wapimaji wa ubora wa programu, yaani mafundi wanaoijaribu programu kwa nia ya kuikwamisha kabla haijawafikia watumiaji, wanastahili pongezi hata Mandawa, wilayani Ruangwa, ambako pengine wachache wamepata kuwasikia. Ufuta na korosho za Ruangwa na Nachingwea huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005, na minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI sasa hupitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Katika mifumo ya kompyuta ya namna hiyo, mpimaji hodari huandika kusudi kilo 485 mahali pa 48.5, hukata mtandao malipo yakiwa njiani, kisha hubonyeza tena kitufe cha kulipa, ili aone kama mkulima atalipwa mara mbili au, jambo baya zaidi, hatalipwa kabisa.