Nyimbo za Flashi Ndani ya Redio ya Mkulima

Mpelekee fundi redio ya zamani, umwambie unataka ipige nyimbo za flashi, na mara nyingi atakufanyia kazi ya haraka. Ataikomba saketi yote ya ndani, atatoboa uso wa kasha, atapachika bodi ya MP3 ya Kichina yenye tundu la USB, kadi ya memori na Bluetooth, kisha ataiunganisha na kispika kipya cha plastiki. Nje ni redio, ndani ni mdoli. Nadhani fundi huyo ametupa cha thamani akabakiza cha bei rahisi. Kilichopitwa na wakati katika redio zile ni kichwa chake, yaani sehemu inayonasa mawimbi. Amplifaya na spika bado ni hodari, na kwa mji wa milimani kama Manyovu, pale barabara ya Kasulu inapokutana na mpaka wa Burundi, hodari kuliko vingi vinavyouzwa leo sokoni.

Kichwa kilipitwa bila kuharibika. Redio za transista za miaka ya 1960 na 1970, zikiwamo zilizounganishwa hapa nchini na Philips mjini Arusha na Matsushita jijini Dar es Salaam, nyingi zilikuwa za mawimbi ya kati na mafupi, maana Radio Tanzania ilisikika huko. Baadaye matangazo yakahamia FM. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi na kusikilizwa hadi Kibondo na Kasulu, ilirusha kwa FM, na redio isiyo na bendi hiyo haikuweza kuipata hata ikiwekwa juu ya paa. Ndiyo maana nyingi zipo darini zikiwa nzima, zimezimika kwa kukosa cha kusema.

Sasa tazama kilichobaki nyuma ya kichwa hicho. Redio ya betri nne kubwa inapata volti 6, na kwa spika ya omu 8 amplifaya yake hutoa nguvu isiyozidi sana nusu wati. Mtu aliyezoea sabufa atacheka. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakisikiliza masomo kupitia redio za aina hii, kikundi kizima kikizunguka redio moja. Nusu wati iliwatosha kwa sababu spika ilitengenezwa kwa ubahili wa umeme: koni ya karatasi nyepesi, pana, ukingo wake ukiwa karatasi hiyohiyo iliyokunjwa, si mpira mzito. Spika ndogo ya kisasa hufanywa nzito makusudi ili itoe besi kutoka kwenye kasha dogo, na gharama ya uzito huo ni umeme. Tofauti ya desibeli 10 kati ya spika mbili, ambayo si tofauti ya ajabu, ina maana kwamba ile nzito inahitaji umeme mara 10 ili ilie sawa na nyepesi. Hesabu hiyo ilikuwa na uzito katika wilaya ambazo miji yake, Kasulu na Kibondo, ilitegemea jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Kwa nyumba isiyo na nguzo jirani, inayoishi kwa sola na betri, hesabu ni ileile hadi leo. Wala ubahili huu haukuwa wa bahati: tangu mwaka 1949, ilipotoka ile redio ya umbo la sufuria kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliotengeneza redio za vijijini Afrika walijua kwamba mteja wao hununua betri kwa shida.

Kazi sahihi basi ni kuingiza wimbo mahali ambapo zamani ilipita sauti ya kituo, nayo ni kwenye volyumu. Kitufe cha volyumu kina miguu mitatu: mmoja unapokea sauti kutoka kwenye dayodi inayoichuja kutoka katika mawimbi, wa kati unaipeleka kwenye amplifaya, wa tatu uko kwenye grauni ya saketi, yaani asi. Kabla ya kukata chochote, fundi afungue sauti yote na kuugusa mguu wa kwanza kwa ncha ya bisibisi huku kidole kikigusa chuma cha bisibisi. Spika ikinguruma au kukwaruza, nyuma yote ni nzima na kazi imeshapungua nusu. Hapo akate waya unaotoka kwenye dayodi na kuweka swichi ya njia mbili: upande mmoja redio, upande wa pili nyimbo. Simu au bodi ya MP3 hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, na redio ina spika moja. Kuzifunga nyaya mbili pamoja moja kwa moja ni kosa linalofanywa kila siku, kwa sababu kila upande unausukuma mwenzake na sauti inapasuka. Kila waya upitie rezista ya kiloomu 1 kwanza, kisha zikutane, kisha zipite kwenye kapasita ya mikrofaradi 1 inayozuia umeme wa betri usirudi kwenye simu. Vipande vitatu, na swichi.

Umeme ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Bodi ya MP3 inataka volti 5 na, jambo la kuchekesha, ikiwashwa inaweza kula kuliko amplifaya nzima inapopiga kwa sauti ya chini. Ukiiunganisha kwenye betri za redio utazimaliza upesi na kuingiza mluzi kwenye spika. Kuna hatari kubwa zaidi: redio nyingi za transista za kwanza, zile za gerimani (madini, si nchi), zina chanya ya betri kwenye asi, ilhali bodi ina hasi. Ukizilisha kutoka betri moja, waya wa sauti wenyewe unakuwa shoti. Dawa ni kuipa bodi seli yake ya lithiamu ya volti 3.7 yenye kichajio na kipandisha volti, isiyogusana na betri za redio popote isipokuwa kwenye waya wa sauti. Bodi ikae mbali na ile fimbo nyeusi ya antena, na izimwe mtu anapotaka mawimbi ya kati, ambayo usiku bado husafiri mbali kuvuka milima.

Watu watasema haina besi. Ni kweli, na hakuna rezista itakayoiponya: singeli ndani ya redio ya mkulima ni nusu ya singeli. Anayetaka kuchezesha harusi anunue sabufa. Lakini dansi la zamani, kwaya, mahubiri na taarifa ya habari vyote vimekaa kwenye sauti za katikati, ambazo koni ya karatasi inazitoa vizuri kuliko kispika cha mfukoni. Wengine watasema kispika kipya cha Bluetooth ni rahisi kuliko usumbufu huu wote. Siku ya kwanza, ndiyo. Vingi vya bei ya chini vimegandishwa kwa gundi, betri ikifa na chenyewe kimekufa, ilhali redio hii inafunguliwa kwa bisibisi moja. Wakusanyaji wa vitu vya kale nao wana hofu yao, ila waya uliokatwa unarudishwa kwa tone moja la risasi.

Pingamizi ninaloliona zito ni la redio ambayo jaribio la bisibisi limekuta kimya. Kapasita zikikauka hubadilishwa kwa pesa kidogo. Transista za gerimani zikifa, kuzitafuta ni kupoteza muda, na hapo nakubali amplifaya itolewe, spika ibaki. Bodi ndogo ya amplifaya ya PAM8403 inatosha, ikitumia upande mmoja tu. Tahadhari moja: bodi hiyo husukuma spika kwa nyaya zote mbili, na hakuna hata mmoja ulio asi. Katika redio ya zamani waya mmoja wa spika huwa umefungwa kwenye asi au kwenye chuma cha fremu. Ufunguliwe huo kwanza, spika ibaki na nyaya zake mbili tupu, ndipo bodi iwashwe. Na redio za valvu za umeme wa ukutani zisizo na transfoma hazimo kabisa katika mazungumzo haya, kwa sababu fremu yake inaweza kuwa na volti 230, na waya wa simu utazileta hadi mkononi.