Stendi, Stesheni na Kituo: Uhakiki wa Tafsiri ya Maneno Mawili ya Kiingereza

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi na wafasiri wetu yamo "stand" na "station". Hayatatizi kwa ugumu wake, bali kwa wepesi wake. Maneno haya ni ndugu: yote mawili yatokana na shina moja la kale lenye maana ya kusimama, la kwanza likiwa limepitia lugha za jamii ya Kijerumani, na la pili Kilatini. Kiswahili nacho kimeyapokea yote mawili, kikayaita stendi na stesheni. Basi mtu ayaonapo katika maandishi ya Kiingereza hudhani amekwisha kuyajua. Makala haya yataka kuonyesha kwamba dhana hiyo ni mtego, na kwamba dawa yake si kuyafukuza maneno hayo katika Kiswahili.

Tutazame kwanza "stand". Kama kitenzi, maana yake ya msingi ni kusimama. Lakini Mwingereza hulitumia pia kwa nyumba iliyopo mahali fulani, kwa amri ambayo haijatanguka, na kwa mtu anayegombea uchaguzi. Likikanushwa pamoja na neno la kuweza, huwa na maana ya kutovumilia. Likifuatwa na kihusishi, hugeuka tena: huwa ni kuwakilisha, kutetea, au kujitokeza kupita wengine. Kama nomino ni msimamo wa mtu katika jambo, meza ya mwuza magazeti, kizimba cha shahidi, jukwaa la watazamaji, au kigoda cha kuwekea taa. Hakuna neno moja la Kiswahili liwezalo kuubeba mzigo huo wote.

"Station" nalo halikosi wingi. Ni mahali pa garimoshi, pa polisi, pa redio na pa mafuta. Ni daraja la mtu katika jamii. Na likiwa kitenzi, ni kumweka askari zamu mahali fulani. Katika maandishi ya wamisionari wa Kiingereza ni makao ya kazi yao. Hapo Kiswahili kilichagua njia yake chenyewe: Kidugala, katika nchi ya Wabena, ambako Wamisionari wa Berlin walifanya kazi, watu husema misheni, wala hawasemi stesheni. Na Wakristo Wakatoliki wafuatapo Njia ya Msalaba, hupita vituo 14, si stesheni 14.

Hapa ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa. Lugha ikopapo neno, haikopi maana zake zote. Huchukua ile inayohitajiwa na kuziacha nyingine kwa mwenyewe. Hakuna mahali jambo hili lionekanapo wazi kuliko Makambako. Mji huo upo katika njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kufunguliwa rasmi 1976, nayo hupita hapo katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kwa hiyo Makambako ina stendi na ina stesheni, na abiria anayesema moja kwa kukusudia nyingine atafikishwa pasipo pake. Njombe, iliyo umbali wa kilomita 60 hivi kusini, haina reli. Kwa hiyo mtu wa Njombe asemapo anakwenda stesheni, msikizaji hujua kwamba safari yake ni ya nje ya mji.

Wako wanaosema kwamba maneno haya mawili ni uvivu, na kwamba kituo latosha. Ni kweli kuwa kituo ni neno zuri. Latokana na kutua, yaani kushusha mzigo, na lina maana nyingi zake lenyewe: pahali pa kupumzika safarini, alama ya kukomea katika maandishi, na mshororo wa mwisho wa ubeti. Lakini mtu akimwambia mwendesha bodaboda wa Makambako, "Nipeleke kituoni," huenda akapelekwa polisi, maana kwa watu wengi kupelekwa kituoni, bila neno jingine kufuata, ndiko huko. Kwa hiyo stendi na stesheni hazikuingia kwa uvivu. Ziliingia kwa sababu zina kazi. Wenzetu wa Kenya, kwa haja hiyo hiyo, walikopa neno jingine la Kiingereza wakasema steji.

Tena maneno haya yamekwisha kutii kanuni zetu. Neno stesheni, kwa kuwa laishia kwa "ni", husikika kana kwamba limekwisha kutiwa kiambishi cha mahali: twasema "yuko stesheni", wala hakuna asemaye "steshenini". Stendi nayo imezaa maana ambayo haihusu abiria kabisa, yaani kile chuma cha kusimamishia baiskeli au pikipiki.

Kosa la pili ni la mfasiri. Huyu huona "station" akaandika stesheni popote pale. Kwake askari huripoti stesheni ya polisi, na mtu aliyezaliwa katika hali ya chini huwa amezaliwa katika stesheni ya chini! Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mtoto atokaye shule ya msingi, alikofundishwa kwa Kiswahili, na kuingia sekondari, ambako vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza. Mtoto wa Makambako hukutana na "stand" katika kitabu cha historia, naye ana stendi ya mabasi akilini. Kumbe kitabu kinazungumza juu ya chifu aliyekataa kuyumba. Akikosa jibu, husemekana hajui historia.

Vijitabu vya msamiati vinavyoweka neno moja mbele ya neno moja havimsaidii mtoto huyu. Tangu kamusi za Madan, na baadaye zile za Johnson za 1939, watunzi walijua kwamba maana lazima zitenganishwe. Nayo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya 1996 hutoa maana kwa namba pamoja na mifano. Njia hiyo ndiyo inayopaswa kufikishwa darasani. Mwalimu asiulize, "Neno hili maana yake nini?" bali, "Hapa lina maana gani?" Na mwenye kamusi aandike stendi na stesheni kwa maana zile walizozipa wasemaji, asiziongezee zile zilizobaki Uingereza.